Jina la Notibulga: uchambuzi wa kisa cha tahajia isiyofanana na nyingine

Kabla ya kisa

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzangu, makatibu wa parokia, walimu wanaojaza fomu za wanafunzi, na familia yoyote yenye jina ambalo kila ofisi huliandika kivyake. Mhusika mwenyewe ameridhia kifundishie wengine. Nimeondoa wilaya, parokia, chuo alichosoma, kituo chake cha kazi na majina ya ndugu zake. Tahajia iliyo kwenye kadi yake nimeibadili kidogo, kwa sababu jina la namna hii ukiliandika kama lilivyo, umeshamtaja mtu. Mtakatifu ambaye jina linatoka kwake sikumgusa, maana bila yeye hakuna kisa. Mhusika nitamwita Dada N.

Usuli

Kusini mwa Tanzania, kuanzia Songea na Mbinga hadi Masasi na Ndanda, yapo majina ambayo mtu wa Tanga au Mwanza akiyasikia mara ya kwanza huomba arudiwe: Walburga, Kunigunda, Edeltruda, Otilia, Meinrad, Odilo. Wenyeji hawayashangai. Ni majina ya mama zao, wajomba zao, walimu wao wa darasa la kwanza. Yaliingia pamoja na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika la watawa lililoota mizizi Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambao walifika nchini mwaka 1888 na kuanzia Pugu. Mwaka 1898 padre Cassian Spiss, mzaliwa wa Tirol, eneo la milima huko Austria, alianzisha misheni ya Peramiho. Ndanda ikafuata mwaka 1906. Kati ya miaka hiyo miwili vilizuka vita vya Maji Maji. Spiss, ambaye kufikia hapo alikuwa askofu, aliuawa Agosti 1905 akiwa njiani kutoka Kilwa, na misheni ya Peramiho ikaharibiwa. Kazi ilirudi baada ya vita, na vitabu vya wabatizwa vikaendelea kujazwa.

Bibi mzaa baba wa Dada N. alibatizwa miaka ya 1930 katika mojawapo ya misheni za ukanda huo. Mjukuu alipozaliwa akapewa jina la bibi yake, kama ilivyo desturi ya familia nyingi za kule. Nyumbani anaitwa Buga. Ni muuguzi, ana miaka thelathini na ushei, na kwa muda mrefu jina lake halikumsumbua zaidi ya kulitaja herufi kwa herufi kila anapofika dirishani.

Tatizo lilianza alipoomba kazi ya uuguzi Ujerumani. Wakala wa ajira alitaka vyeti vyote kwa pamoja ili vitafsiriwe na taaluma yake itambuliwe huko. Alivyoviwasilisha vilikuwa hivi: kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne vyote vinasema Notibulga, cheti cha darasa la saba kinasema Notibuga, cheti cha chuo cha uuguzi na cheti cha ubatizo vinasema Notiburga. Wakala akarudisha bahasha na barua fupi: majina hayalingani, na tahajia iliyo kwenye kadi haionekani popote kama jina la mtu, tafadhali thibitisha.

Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyomleta kwangu. Kutolingana kwa vyeti alikuwa amekuzoea. Kuambiwa kwamba jina lake si jina, hilo lilimuuma.

Mambo yalivyokwenda

Kabla ya kuja, familia ilikuwa imeshagawanyika pande tatu. Kaka yake alitafuta Notibulga kwenye intaneti, hakupata mtu mwingine hata mmoja, akatangaza kwa furaha kwamba dada yake ndiye pekee duniani. Baba mdogo alishikilia kwamba ni kosa la karani fulani na lisahihishwe kila mahali kabla binti hajapanda ndege. Shangazi, binti mkubwa wa bibi aliyebaki hai, alikuwa na maelezo aliyoyapata utotoni: bibi alizaliwa safarini, mbugani, ndiyo maana akaitwa Buga, na hayo mengine ya mbele yaliongezwa na misheni.

Kikao cha kwanza tulitandaza karatasi zote mezani kwa mpangilio wa miaka. Sikuanza na swali la ipi ni sahihi. Kwa kila karatasi niliuliza: aliyeandika hapa aliona jina limeandikwa mahali, au alilisikia likitamkwa? Dada N. aliyakumbuka mengi kuliko alivyodhani. Cheti cha ubatizo kilinakiliwa kutoka kitabuni. Hilo ni jicho. Jina la darasa la kwanza lilitoka kinywani mwa mama yake mbele ya mwalimu. Hilo ni sikio, na mwalimu akaandika Notibuga, jina likafika hivyo hivyo hadi darasa la saba. Alipofika sekondari, mwalimu wa taaluma alimwita kila mwanafunzi alitaje jina lake kabla ya kujaza fomu za mtihani wa taifa. Akataja kama anavyolitamka mwenyewe, na mwalimu akaandika Notibulga. Sikio tena, lakini safari hii sikio la mtu aliyesikiliza kwa makini. Cheti cha kuzaliwa alikipata akiwa mtu mzima, na kilifuata cheti cha kidato cha nne. NIDA ikafuata vyote viwili. Chuo kilimpokea kabla hajapata cheti cha kuzaliwa, hivyo akawasilisha cha ubatizo, na karani wa chuo akanakili kutoka hapo. Jicho.

Saa moja ya mazungumzo, na ile fujo ya tahajia tatu ikawa na mpangilio. Hapakuwa na karani mzembe. Palikuwa na njia mbili ambazo jina lilikuwa likisafiri, moja ya wino na nyingine ya mdomo, na kila karatasi ilichota kwenye mojawapo.

Kisha tukaenda kwa shangazi. Dada N. alimwamkia, tukakaa, nikamwomba atusimulie habari za marehemu mama yake tangu mwanzo badala ya kumuuliza jina tu. Alisimulia kwa kirefu. Alikuwa na uhakika kuhusu mbuga. Alisema pia kwamba bibi alikuwa na jina jingine la utotoni, ambalo wajukuu hawakulijua, na akalitaja.

Jina hilo la utotoni ndilo lililotufungulia mlango parokiani. Paroko alimruhusu katibu kutusomea maandishi yanayohusu familia, si kitabu kizima. Ingizo la Dada N. lilikuwa Notiburga, kama cheti kilivyosema. Tukarudi nyuma hadi kitabu cha zamani, kilichoandikwa kwa Kilatini na mwandiko wa kuinama wa Kizungu. Pale, pamoja na lile jina la utotoni ambalo shangazi alilitaja, palikuwa na jina la bibi kwa wino mweusi usio na shaka: Notburga. Katika kurasa za jirani, katibu alituambia, walikuwepo Otilia, Walburga na Kunigunda.

Majina mawili kuandikwa pamoja si ajabu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Ikishindikana, aongeze jina la mtakatifu na ayaandike yote mawili kitabuni. Sheria ya sasa ya mwaka 1983 imelegeza: kanuni ya 855 inataka tu jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo. Kwa mtafiti wa ukoo, lile agizo la zamani ni hazina, kwa sababu lilihifadhi majina ya nyumbani ambayo yangepotea.

Jina lilikotoka

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye utajiri.

Notburga, kwa mapokeo ya Tirol, aliishi kati ya takriban mwaka 1265 na 1313, katika mji wa Rattenberg na kijiji cha Eben. Hakuwa malkia, hakuwa mtawa wala shahidi. Alikuwa mfanyakazi wa ndani. Husimuliwa kwamba alikuwa akiwapa maskini chakula kilichobaki mezani kwa bwana, bibi mwenye nyumba akamkataza, hatimaye akamfukuza. Akaenda kufanya kazi kwa mkulima wa Eben kwa sharti moja: kengele ya jioni ya kuamkia Jumapili ikilia, aache kazi akasali. Siku moja ya mavuno mkulima akamtaka aendelee. Notburga akarusha mundu wake juu, nao ukabaki umening'inia hewani. Ndiyo maana kwenye picha huchorwa ameshika mundu. Papa Pius IX alithibitisha heshima yake mwaka 1862, na hadi leo watu wa Tirol na Bavaria humtaja kama msimamizi wa watumishi na wakulima. Jina lenyewe ni la Kijerumani cha kale, la vipande viwili: cha kwanza ni shida, cha pili ni ngome au hifadhi.

Majina mengi ya Kibenediktini yaliyoenea kusini yanatoka ndani ya shirika lenyewe. Skolastika ni dada yake Benedikto. Walburga aliongoza monasteri ya Heidenheim katika karne ya nane. Otilia ndiye msimamizi wa nyumba mama. Notburga hayumo katika mlolongo huo. Yeye alitoka vijijini kwa wamisionari, katika makanisa madogo ya milimani ambako mama zao walimwomba kabla ya mavuno. Kwa maoni yangu, aliyempa bibi jina hili alikuwa anampa kitu cha nyumbani kwake, na akakichagua kwa msichana wa wakulima akijua anachofanya. Hilo halimo kitabuni. Ni hisia yangu baada ya kusoma habari za mtakatifu huyu.

Sasa tufuate herufi. Notburga kwa ulimi wa Kiswahili na wa lugha za jirani ina sehemu mbili ngumu. Ya kwanza ni t na b zilizobanana. Ulimi wetu hauzipokei hivyo, huingiza irabu, na hapo ndipo i ilipozaliwa: Notiburga. Hii ni sheria ile ile inayomfanya Albert awe Aliberti. Ya pili ni r iliyofunga silabi kabla ya g. Wapo wanaoiacha kabisa, kama ilivyoachwa katika Getruda, na huko tunapata Notibuga ya mwalimu wa shule ya msingi. Wapo wanaoitamka kwa sauti waliyonayo. Lugha ya mama ya familia hii haina r. Ina l peke yake. Dada N. alipolitaja jina lake mbele ya mwalimu wa sekondari alitamka l, mwalimu akaiheshimu l. Hakuna herufi hata moja katika Notibulga isiyo na sababu.

Na mbuga ya shangazi? Kipande cha mwisho cha jina kilibaki buga katika matamshi ya nyumbani, na watu waliolirithi bila kujua habari za Tirol wakalitafutia maana katika lugha waliyokuwa nayo. Hivyo ndivyo jina la kigeni linavyoota mizizi. Sikuona haja ya kumwambia shangazi kwamba amekosea, kwa kuwa alichokuwa anatunza ni kumbukumbu ya safari ya wazazi wake, na safari hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa hata kama jina halikutoka huko.

Je, ni jina adimu?

Kaka alikuwa na hoja. Notibulga ukiitafuta kwenye simu hupati kitu. Lakini mashine ya kutafuta hulinganisha herufi na herufi zilizokwisha kuchapwa mahali, na majina ya kusini yamelala katika madaftari ya mkono, vitabu vya parokia na misalaba ya makaburini. Kutoonekana kule hakuna maana ya kutokuwepo.

Zaidi ya hapo, jina moja linaloandikwa kwa namna tano huonekana kama majina matano adimu. Ukiwaweka pamoja akina Notburga, Notiburga, Notibuga na Notibulga, unapata ukoo mmoja wa jina. Ukoo huo haujawahi kuwa mkubwa kama wa Maria au Anna, lakini si wa mtu mmoja. Huko ulikotoka, Bavaria na Tirol, Notburga limekuwa jina la mabibi. Wazazi wa leo ni nadra kumpa mtoto. Kwa hiyo jina ni adimu kwao kwa sababu zama zimepita, na ni adimu kwetu kwa sababu lilipandwa katika eneo dogo. Tahajia ya Dada N. ndiyo adimu kupita yote, na uadimu wake hauna muujiza: ulitokana na kinywa kimoja na mwalimu mmoja msikivu siku moja ya kujaza fomu.

Je, uadimu wa tahajia ni dalili ya kosa? Baba mdogo aliamini hivyo. Nilimkumbusha Fatuma. Kwa Kiarabu ni Fatima, na hakuna Mswahili anayemwambia Fatuma akasahihishe kadi. Hadija ameacha kh ya mwanzo na anaishi vizuri. Rejista za shule zetu zimejaa Happyness wenye y, wengi kiasi kwamba kuandika i sasa ndiko kunakoleta usumbufu. Tahajia huhalalishwa na watu kuitumia. Tofauti ya Fatuma na Notibulga ni idadi ya waliotangulia, basi.

Njia zilizokuwepo na uamuzi

Njia ya kwanza ilikuwa ile ya baba mdogo: kurudi Notburga. Hiyo inahitaji hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, halafu cheti cha kuzaliwa, kadi ya NIDA na kila cheti cha taaluma kiambatane na hati hiyo maisha yote. Ingempa jina zuri lenye historia, na pia ingempa jina ambalo hakuna karatasi yake hata moja iliyowahi kulibeba.

Ya pili ilikuwa kufuata cheti cha ubatizo, Notiburga, kwa hoja kwamba ndicho cha zamani kuliko vyote. Dada N. aliipenda kwa siku chache. Niliikataza kwa sababu moja: cha zamani si lazima kiwe chenye nguvu. Cheti cha ubatizo ni hati ya Kanisa na husaidia kama ushahidi mtu anapochelewa kusajiliwa, lakini utambulisho wake mbele ya serikali umesimama juu ya cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, na vyote viwili vilikuwa vinakubaliana.

Ya tatu ilikuwa kubaki Notibulga na kumaliza tofauti za karatasi zilizobaki kwa kiapo. Afidaviti inayoapwa mbele ya wakili haibadili jina. Inatamka tu kwamba majina mawili yaliyoandikwa tofauti ni ya mtu mmoja. Watu wengi huchanganya afidaviti na hati ya kubadili jina, na wengine wamelipa fedha nyingi kwa kitu wasichokihitaji.

Niliuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza katika kikao cha familia: ni karatasi zipi zilizoombwa? Orodha ya wakala haikuwa na cheti cha ubatizo wala cha darasa la saba. Dada N. aliviweka kwa kuwa alifundishwa kuweka vyote. Tukaviondoa. Tofauti iliyobaki ikawa moja tu, ya cheti cha chuo: r mahali pa l.

Akaamua kubaki na jina lake. Sababu aliyoitoa haikuwa ya kisheria. Alisema bibi naye hakuwahi kujiita Notburga. Alijiita kwa ulimi wake, na l yake ndiyo l ya bibi.

Matokeo

Chuo kilitoa barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba Notiburga aliyehitimu ndiye Notibulga mwenye cheti fulani cha kidato cha nne. Afidaviti ikaapwa. Hati ya kusafiria ikaombwa kwa jina la kadi. Kwa upande wa makaratasi ilipaswa kuishia hapo.

Haikuishia hapo, kwa sababu kaka yake, katika furaha ya kugundua asili ya jina, aliandika kwa wakala bila kumshirikisha mtu. Alieleza habari za mtakatifu wa Tirol, akaambatisha picha yenye mundu, na kuhitimisha kwamba jina halisi la dada yake ni Notburga. Alidhani Wajerumani watafurahi. Wakala akafanya ambacho wakala yeyote makini angefanya: akasimamisha faili na kuuliza ni jina lipi litumike, Notburga au Notibulga. Tukaandika barua nyingine, fupi, ya aya mbili: jina la kisheria ni hili, lile jingine ni asili yake tu na halimo katika hati yoyote ya mwombaji. Faili likaendelea, kwa kuchelewa. Dada N. alipata viza na yuko kazini.

Kwa shangazi mambo hayakwenda vizuri. Kaka huyo huyo alimfikishia habari kabla yetu, kwa njia ya kumchekesha: kwamba mbuga ilikuwa hadithi, jina ni la Mzungu. Shangazi alinyamaza. Tuliporudi kumwomba aendelee na masimulizi ya bibi, alituambia kwa upole kwamba tuulize kitabu.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kutenganisha jicho na sikio. Ninakipendekeza kwa kila anayeshughulikia majina yasiyolingana, na si kwa majina ya Kijerumani tu. Kosa la jicho na kosa la sikio havifanani. Anayenakili kwa kuona huchanganya u na n, au huruka herufi. Anayeandika kwa kusikia huingiza irabu, hubadili r na l, hudondosha h au huiongeza. Ukijua karatasi ilichota wapi, unaweza kusema kwa uhakika kwamba ni mtu mmoja, na maelezo hayo yakiingia ndani ya afidaviti yanaipa uzito kuliko ile sentensi ya kawaida ya majina yote mawili ni yangu.

Kilichofaa pia ni kuuliza karatasi zilizoombwa. Ni jambo dogo hata linaona haya kuandikwa, lakini mgogoro mzima wa tahajia tatu ulishuka ukawa wa herufi moja pale tu tulipoondoa vyeti viwili ambavyo hakuna aliyevitaka.

Kuhusu kutafuta asili ya jina, nimelipima sana. Kisheria haikuhitajika. Jina lingebaki Notibulga hata kama tusingejua lolote kuhusu Tirol. Lakini Dada N. hakuja kwa ajili ya herufi peke yake; alikuja kwa sababu aliambiwa jina lake haliko. Asingeweza kuchagua kubaki nalo kwa moyo mweupe bila kujua kwamba kila herufi yake ina chimbuko. Tena, kujua chimbuko ndiko kulikomnyima baba mdogo ile hoja ya kosa la karani, ambayo ingeendelea kumfuata binti hadi uzeeni. Kwa hiyo ninaitetea kazi hiyo, ila kwa mpangilio tofauti: uamuzi wa kisheria utangulie, uandikwe, utiwe sahihi, ndipo habari za asili zifunguliwe mbele ya familia. Katika kisa hiki habari tamu ilitangulia uamuzi, na mtu mwenye nia njema akaigeuza kuwa tahajia ya nne.

Kilichoshindikana kabisa ni shangazi. Kwa wanaokusanya habari za koo, jambo hili lizingatiwe kuliko afidaviti zote. Yeye ndiye aliyetaja jina la utotoni lililotuwezesha kumtambua bibi kitabuni. Bila yeye Notburga wa kwenye ukurasa ule angekuwa Notburga wa mtu yeyote. Maelezo yake ya mbuga yalistahili kuandikwa kamili, kwa maneno yake, kabla hatujagusa kitabu cha parokia, na ilipasa apelekewe matokeo na mtu mzima wa rika la kuheshimika, akikalishwa chini, siyo kwa utani wa mpwa. Maelezo ya aina hiyo hayashindani na rejista. Rejista inasema padre aliandika nini. Shangazi alikuwa anasema familia ilisikia nini, na hilo la pili halimo kwenye kitabu chochote.

Kwa makatibu wa parokia na walimu nina ombi mahususi. Mnapokutana na jina msilolifahamu, msilinyooshe lifanane na mnalolijua, na msimpe mtoto tahajia mpya kwa kuwa ile aliyokuja nayo haipendezi. Mwombeni mzazi karatasi yoyote iliyotangulia, nakilini kama ilivyo, na kama hakuna, mwandikieni kwa penseli kwanza, mumsomee kwa sauti, akubali. Kwa parokia zenye vitabu vya Kilatini vya kabla ya 1960, kurasa zile ndizo pekee zinazoshika jina la misheni na jina la nyumbani katika mstari mmoja. Nyingi zimeanza kuliwa na mchwa na unyevu. Kuzipiga picha, kwa ruhusa ya jimbo na kwa kulinda siri za watu waliomo, kunaweza kufanyika kwa simu ya kawaida, mchana, dirisha likiwa wazi.

Baba mdogo bado anaandika Notburga kwenye bahasha anazomtumia Dada N.; zinafika, kwa kuwa jina la ukoo na anwani havina utata.